Kilwa Kisiwani kwa msafiri wa peke yake: mlipe mwongozaji, usimharakishe

Ukifika Kilwa na mfuko unaruhusu kulipia jambo moja tu, mlipe mwongozaji wa kuvuka nawe kisiwani, na mwambie tangu mwanzo kwamba huna haraka. Nilikwenda kusini peke yangu kwa mapumziko mafupi, nikitaka kuona bahari na kujua habari za watu wa kale wa mwambao wetu. Katika yote niliyolipia safarini, ziara ya Kilwa Kisiwani ndiyo ningeilipia tena kesho.

Kufika si kazi. Mabasi ya Lindi na Mtwara yatokayo Dar es Salaam hupita Nangurukuru. Unashuka hapo na kuchukua gari la Kilwa Masoko. Kibali cha kuingia kwenye magofu hukatwa Masoko kabla ya kuvuka, na mwongozaji unampata hukohuko. Ila jambo moja linamuumiza anayesafiri peke yake: mashua hukodishwa nzima, uwe mmoja au mwe kumi. Nilipouliza kama kuna wengine wanaovuka asubuhi ile, nikaunganishwa na familia moja, tukachangia gharama. Uliza bila haya, watu wa pale ni waungwana.

Mwongozaji wetu hakuanza na masultani, alianza na maji. Tukiwa bado katikati ya mkondo alituonyesha jinsi kisiwa kinavyoikinga bandari, na jinsi kina kinavyotosha vyombo vikubwa. "Dada, bila maji haya pasingekuwa na mji," aliniambia. Dhahabu ilitoka bara ikashukia Sofala, bandari ya kusini iliyoko Msumbiji ya leo, ikapandishwa kwa jahazi hadi Kilwa, na kutoka hapo ikaenda Uarabuni na kwingineko. Kilwa ilitoza ushuru, ikatajirika, ikapiga hata sarafu zake yenyewe za shaba. Moja ya sarafu za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyetawala Kilwa karne ya 14, ilikutwa kwenye magofu ya Great Zimbabwe, mbali kabisa na pwani. Niliposikia hivyo ndipo nilipoanza kuuona ukubwa wa mahali nilipokuwa ninakwenda.

Gereza ndilo jengo la kwanza kukupokea ukishuka. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 walipouteka mji, lakini sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ni ya wakati wa Waomani. Ni zuri kwa picha, basi. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko linavyostahili, muda ambao ningependa tuupeleke Makutani, kwenye magofu ya kasri jingine la kisiwani.

Msikiti Mkuu ni habari nyingine. Sehemu yake ya kaskazini ilianza kujengwa karne ya 11, kisha katika karne ya 14 ukapanuliwa kwa nguzo, matao na makuba. Nilisimama chini ya makuba yale na nikajivunia sana. Haya ni mawe ya bahari yetu, yamechongwa na mafundi wa pwani yetu. Mwongozaji alieleza kwamba tumbawe likitolewa majini huwa laini na huchongeka kwa urahisi, kisha likikaa hewani linakuwa gumu. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, alifika hapa mwaka 1331 na akausifu mji kwa uzuri wake, na sultani wake kwa ukarimu.

Sasa sikilizeni kuhusu Husuni Kubwa, maana ziara nyingi za nusu siku huiacha. Iko mbali na magofu mengine, upande wa mashariki, na unaifikia kwa miguu ukipita katikati ya makazi ya watu na mibuyu. Wenzangu walichoka wakabaki kijijini. Mimi nilikwenda na mwongozaji, na kama ningerudi Masoko bila kuiona, ningekuwa nimeona nusu tu ya Kilwa. Ni kasri la sultani yuleyule al-Hasan, lenye vyumba zaidi ya 100, limekaa ukingoni mwa genge juu ya bahari. Kuna birika la kuogea la pembe nane, na nyua zinazofuatana kuelekea majini. Halikumalizika kujengwa na halikukaliwa muda mrefu. Upepo wa bahari unaingia kila upande, na ukitazama chini unaiona njia yote ya vyombo. Mwenye kuchagua mahali hapa alijua anachokitaka.

Bahari hiyohiyo ndiyo inayokula kuta. Magofu haya na yale ya Songo Mnara, kisiwa cha jirani, yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Mikoko ufukweni si pambo, inapunguza nguvu ya mawimbi. Msiikate, msiikanyage miche yake.

Vaeni nguo za stara, kwa kuwa kisiwani kuna watu wanaoishi, na bebeni maji ya kunywa ya kutosha. Ulizeni pia saa za kupwa na kujaa. Maji yakitoka sana, mashua haisogei ufukweni na mtatembea kwenye tope.

Songo Mnara sikwenda, gharama ya mashua kwa mtu mmoja ilinishinda. Siku iliyobaki nikaipeleka Kilwa Kivinje, mji wa karne ya 19 ulioshuhudia misafara ya pembe na ya watumwa, wenye boma la Wajerumani na mnara wa kuwakumbuka wapiganaji wa Majimaji walionyongwa. Huko hamhitaji ziara ya kulipia. Waamkieni wazee barazani, semeni mmekuja kuona mji, mtaelekezwa.