Kurushiwa muvi isiyo na maneno Tandika: huduma niliyoipata

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitaka. Muvi moja shilingi 500, season nzima 2,000, flashi uje nayo mwenyewe. Banda liko Tandika, Dar es Salaam, limebandikwa makava ya muvi mpaka mlango huuoni. Jina silitaji kwa sababu nina malalamiko mawili na kijana anayerusha muvi ni jirani yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Nafanya kazi na mdogo wangu wa kiume, yeye ndiye mkataji, na ni kiziwi tangu ana miaka mitatu. Jioni tukimaliza kazi tunawasha TV hapo hapo kibandani. Sasa mtaani kwetu muvi ambayo haijatafsiriwa haina mtu. Tumekua na sauti ya Lufufu, aliyekuwa akizitafsiri muvi kwa Kiswahili juu ya sauti ya waigizaji, na waliomfuata ndio wanaojaza vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea muvi. Watu wakicheka, mdogo wangu ananigeukia na kuniuliza kwa mikono: kasema nini? Nikimaliza kumtafsiria huyo mtafsiri, wameshauawa watu wanne. Siku moja alinichoka, akaniambia nimtafutie muvi ambayo hakuna anayesema.

Nikaenda. "Shikamoo mama." "Marahaba. Nataka muvi ya kimya, ila siyo ya kuchekesha." Charlie Chaplin tulishammaliza. Kijana akakuna kichwa, akaniambia nirudi kesho, na hapo nampa maua yake, maana wengine wangenibambikia chochote. Kesho yake alikuwa nayo: Sunrise, ya mwaka 1927. Mwenzake aliyekaa pembeni akasema wanaweza kuitia sauti ya Kiswahili kwa elfu tano. Nikamwambia ninayempelekea ni kiziwi. Akafikiri kidogo. "Basi elfu tatu."

Lalamiko la kwanza: picha ilikuwa imevutwa. Muvi za zamani zile picha yake inakaribia mraba, na kijana aliitanua ijaze TV ya kisasa, nyuso zikawa chapati. Nilimrudishia asubuhi. Nikamwambia, nguo ya mtoto huwezi kuivuta imtoshe baba yake. Alirekebisha bure bila kununa.

La pili: maandishi yake, yale yanayokatiza picha kukuonyesha wanachosema, ni ya Kiingereza na hakuna ya Kiswahili chini. Bahati nzuri ni machache, na kadiri muvi inavyosonga yanazidi kupungua. Nikawa nayasoma na kumwambia mdogo wangu kwa alama. Kuna mahali mwanamke anamuuliza mwanaume, mkeo hawezi kuzama? Yale maneno yenyewe yanateleza na kuyeyuka kwenda chini, kama yanazama. Hapo alinizuia mkono. Alikuwa ameshaelewa.

Kisa ni cha kwetu kabisa. Mwanaume wa kijijini ana mke na mtoto mchanga. Mwanamke wa mjini, kaja mapumziko, nywele fupi, gauni jeusi linalong'aa, anamwambia amzamishe mkewe ziwani, auze shamba, wahamie mjini. Mke anapanda mtumbwi na furaha zake, mbwa wao anakata kamba anaogelea kuwafuata, halafu mke anauona uso wa mumewe. Mama lishe wa jirani alikuja na mwiko mkononi kuangalia kidogo tu, akaisahau sufuria jikoni. "Mtupe huyo wa mjini!" Nikampigia kelele kwamba anapiga kelele.

Murnau, aliyeiongoza, alikuwa Mjerumani. William Fox, mwenye studio ya muvi, alimwita Hollywood na kumfungulia mfuko. Mji ule wenye tramu na taa waliujenga wenyewe: nyumba za nyuma ndogo kuliko za mbele, na huko nyuma wakawapitisha watoto na watu wafupi ili jicho lidhani ni mbali. Sisi mafundi tunajua ujanja huo. Mteja mnene unamshonea mistari ya kusimama. Mume, George O'Brien, walimtia uzito kwenye viatu ndiyo maana anatembea vile, mabega yamemshuka. Mdogo wangu aliligundua hilo kabla sijamwambia lolote. Alisema mgongo wa yule mtu ndio unaoongea. Mke ni Janet Gaynor, na lile wigi la rangi ya mbegu ya embe silipendi, samahani, hata kama walitaka aonekane mshamba.

Na ilivyopokelewa? Ilianza kuonyeshwa New York Septemba 1927, na wiki mbili baadaye, Oktoba 6, ikatoka The Jazz Singer, ambayo watu waliwasikia waigizaji wakisema. Basi, mji wote ukakimbilia huko. Hela ya Fox haikurudi. Tuzo ilipata: Academy, wale wa Oscar, walipogawa zao kwa mara ya kwanza, Mei 1929, Gaynor alikuwa mwigizaji bora wa kike, wapiga picha wawili wakapata yao, na muvi yenyewe ikapewa ya kazi ya kipekee ya sanaa. Negativu ya asili, yaani ule mkanda wa kwanza wa kuchapia nakala, iliungua kwenye ghala la Fox mwaka 1937, kwa hiyo tunaangalia kilichotokana na nakala zilizosalia. Na hakimiliki yake Marekani iliisha mwanzoni mwa 2023. Kwa hii, angalau, ile 500 haikunisuta.

Kimya chake siyo cha kabisa, ina muziki wake iliotoka nao. Baada ya dhoruba mume anamwita mkewe gizani majini, mdomo wazi, na kinachosikika ni baragumu tu. Nilisisimka. Mdogo wangu alinyanyuka, akaweka kiganja kwenye spika ya TV mpaka ile sehemu ikaisha, akarudi kukaa.

Nilipokwenda kulipa niliambiwa nitoe nafasi kwenye flashi, imejaa. Nikafuta muvi tatu za kutafsiriwa. Kijana ameahidi kunitafutia nyingine ya kimya kufika Ijumaa, na safari hii amenipimia upana wa TV yangu kwa utepe wangu mwenyewe.