Seramu ya uso au glisirini: ipi yaifaa ngozi ya Lamu?

Wanaotaka kuipa ngozi unyevu hapa Lamu huulizana kila mara kama inafaa kununua seramu ya asidi ya hayaluroniki au kubaki na glisirini ya duka la dawa, ingawa zote mbili hufanya kazi moja ya kuvuta maji na kuyashika kwenye ngozi.

Kwa bei, glisirini haina mpinzani. Kwa wepesi, seramu inashinda: matone mawili matatu juu ya uso ulio na majimaji bado hupotea upesi, ilhali glisirini isiyozimuliwa hunata, na vumbi la vichochoroni likashikamana nayo. Kuizimua kwa maji ya waridi hupunguza mnato huo, lakini mchanganyiko wa nyumbani hauna kihifadhi, kwa hiyo utengenezwe kidogo, uwekwe kwenye friji na umwagwe baada ya siku chache. Jambo hili, kwa maoni yangu, hupuuzwa mno. Seramu ya kiwandani hukaa miezi kadhaa baada ya kufunguliwa.

Msimu wa kaskazi ngozi ikikauka, yoyote utakayopaka ifuatwe na krimu, ili maji yasitoke.

Mwenye uso wa mafuta huenda akastarehe zaidi na seramu. Mwenye ngozi kavu, anayejipaka usiku tu, sioni sababu ya yeye kulipa zaidi.