Besi ao baritoni: ukitaka opera ufate gani?

Kila kisha repetisio ya korali hapa Lubumbashi vijana banabishana: mwenye sauti ya chini akitaka opera (tamthilia ya kuimba), afate besi, sauti ya chini kabisa ya mwanaume, ao baritoni, ile iko juu yake kidogo? (Serge Kakudji, Mkongomani mwenzetu, ni kontratena, mwanaume wa sauti ya juu sana, hii haimuhusu.)

Kwa kazi baritoni anapita. Verdi, mutunzi wa opera wa Italia, alimuandikia sehemu kubwa kubwa, Rigoletto ya 1851 opera nzima iko na jina la mutu mwenye baritoni anaimba, kumbe besi anapewa mfalme, padri ao baba ya bibi-arusi, anaimba kidogo anatoka. Ila baritoni ni wengi, na besi ya kweli, ile inashuka mpaka noti ya fa ya chini ya Sarastro katika opera ya Mozart na watu wa nyuma kabisa banaisikia, eeh, hiyo ni haba, wanaitafuta.

Kungoja sasa. Besi inakomaa polepole, mara nyingi kisha miaka 30, ukiilazimisha mapema utaiharibu, lakini inadumu. Baritoni anaanza mbele, noti za sol za juu za Verdi njo zinamuchokesha.

Kama uko na miaka 20 na nyumbani kuko wa kukulisha, ngoja besi yako. Unatafuta feza sasa na sol inatoka bila kukaza shingo, jaribu baritoni. Miye niko besi, mama anauliza kila siku nitaanza lini.