Chapeo ya Kunguru: Makumbusho ya Sheldon Jackson, Sitka

Makumbusho ya Sheldon Jackson, katika mji wa Sitka huko Alaska, yamo ndani ya jengo dogo la zege lenye pembe nane, lililojengwa katika miaka ya 1890, na mgeni asiye na subira anaweza kuyamaliza kwa nusu saa. Mimi nilikaa zaidi ya hapo mbele ya kitu kimoja tu, nacho ni chapeo ya Kunguru, ambayo K'alyaan, shujaa wa ukoo wa Kiks.ádi wa Watlingit, wenyeji wa asili wa eneo hilo, aliivaa mwaka 1804 alipowakabili Warusi waliokuja kuiteka Sitka, akiwa na nyundo ya mhunzi mkononi.

Sisi wa Dar es Salaam tumezoea kumfukuza kunguru jikoni. Kwa Watlingit, Kunguru ni jina la upande mmoja kati ya pande mbili kuu za jamii yao, na alama iliyochongwa kwenye chapeo si pambo bali ni mali ya ukoo.

Atakayeitazama kama kinyago atakosa utamu wake, kwa maana chapeo ilikuwa sehemu moja tu ya deraya kamili. Kwa kawaida fundi aliichonga kutoka katika nundu ya mti, mahali ambapo nyuzi za mti zimesokotana kiasi kwamba pigo la rungu halipasui kwa urahisi. Ilikaa juu kabisa ya kichwa; uso wenyewe ulikingwa na kola pana ya mti, iliyopindwa kwa mvuke na kuachiwa nafasi za macho, ambayo mpiganaji aliishikilia kwa meno. Kifuani zilikuwapo papi na fito zilizofungwa pamoja kwa kano za wanyama, zikivaliwa pamoja na ngozi nene, na baadhi ya ngozi hizo zilishonewa sarafu za Kichina zilizoletwa na biashara ya manyoya. Baranov, kiongozi wa Warusi aliyevamiwa usiku mwaka 1792, aliandika kwamba risasi zake hazikupenya vazi hilo.

Sitka haifikiki kwa barabara kutoka nje ya kisiwa. Ni meli au ndege. Ukishafika, usikose kuvuta droo zilizo chini ya makabati, kisha tembea hadi hifadhi ya kihistoria iliyo jirani, penye uwanja wa vita vya 1804, ambako ndiko ilikohifadhiwa ile nyundo.