PS4 ya mtumba: nunua ugonjwa unaoumudu

Mwaka jana nilitoka Kariakoo na PS4, ile mashine ya gemu ya PlayStation, kwapani, imefungwa kwenye mfuko, laki nne na nusu imeshanitoka. Dukani iliwaka vizuri kabisa. Muuzaji aliniapia kwamba imetoka Uingereza, mafundi wameifungua, wameisafisha, "kama mpya hii kaka". Nikafika nyumbani, nikaoga, nikala, nikaichomeka saa tatu usiku. Taa ya bluu ikaanza kupumua, ambalo ni jambo la kawaida, hufanya hivyo sekunde chache kisha hugeuka nyeupe. Yangu haikugeuka. Ilipumua, ikapumua, ikazima.

Asubuhi nikairudisha. Muuzaji akaichukua, akaingia nayo nyuma ya duka, akarudi baada ya dakika kama kumi, akaichomeka mbele yangu. Ikawaka! "Si unaona? Labda umeme wa kwako." Nikaigusa ubavuni. Ilikuwa ya moto, na wala haikuwa imewaka hata dakika mbili.

Fundi wa mtaani kwetu hakuhitaji kuitazama sana. Aliifungua kifuniko, akanusa, akanionyesha utomvu wa kahawia, ile dawa ya kulehemu, uliokaukia pembeni ya prosesa. "Hii imepikwa." Maana yake ni hii: prosesa ya PS4 imeshikwa kwenye bodi kwa vitone vingi vidogo vya lehemu. Joto na baridi vya miaka hupasua baadhi ya vitone. Mtu akipuliza hewa ya moto pale juu, nyufa zinakutana tena kwa siku kadhaa, pengine wiki, halafu zinaachana. Ndiyo maana mashine iliyopikwa inawaka ikiwa na joto na inakataa ikiwa baridi. Taa ya bluu isiyogeuka inaweza pia kusababishwa na hadidiski au pawa saplai, hivyo si kila bluu ni msiba. Lakini bluu pamoja na harufu ya utomvu uliochomwa, hapo hakuna cha kujadili.

Kwa hiyo orodha hii sijaipanga kwa uzuri wa picha. Nimeipanga kwa swali moja: ikiharibika, na itaharibika kwa sababu ni mtumba, nani ataitibu na kwa hela gani?

1. PS4 Slim (CUH-2000, 2100, 2200)

Hii ndiyo ninayomshauri kila anayeniuliza. Ilitoka 2016, na namba zake utazikuta kwenye stika ya mashine. Tazama namba hiyo, usitazame boksi, maana maboksi hupandikizwa. Uzuri wake wa kwanza ni umeme: kiwango chake cha juu ni wati 165, wakati ile nene ya mwanzo ni wati 250. Mbali na kuonea huruma umeme wa Luku, wati chache maana yake joto kidogo, na joto ndilo linaloua hizi mashine.

Uzuri wa pili ni kwamba magonjwa yake mengi yana dawa. Hadidiski ikichoka (gemu zinafunguka kwa kusuasua, picha inaganda, mwisho mashine inakwambia haiwezi kufikia hifadhi yake) unaibadilisha mwenyewe mezani. Nyuma kuna kipande cha plastiki cha kona, kivute kitatoka. Ndani kuna skrubu moja yenye alama za pembetatu, duara, msalaba na mraba. Ifungue, vuta kikapu, hadidiski ni ile ya laptopu ya inchi 2.5, ya SATA, unene usiozidi milimita 9.5. Weka mpya, hata SSD inakubali. Kisha unahitaji flashi yenye faili la programu kamili kutoka tovuti ya PlayStation, lile kubwa la takribani GB 1, ndani ya folda UPDATE iliyo ndani ya folda PS4. Mashine ikiwa imezimwa, bonyeza kitufe cha kuwashia na usiachie mpaka mlio wa pili, kama sekunde saba, unganisha pedi ya kuchezea kwa waya, chagua namba 7, ile ya kuweka programu upya. Nimewahi kufanya kazi hii huku chai inapoa pembeni.

Feni iliyojaa vumbi na grisi ya prosesa iliyokauka ni kazi ya fundi ya nusu siku. Tundu la HDMI lililovunjika ni kazi ya lehemu, inataka fundi mwenye mkono mzuri, lakini inafanyika na inadumu. Kinachokosekana kwenye Slim ni tundu la sauti la optiki. Kama huna spika kubwa za zamani zinazolitumia, hutajua kama halipo.

2. PS4 nene, lakini CUH-1200 tu

Watu wanaiita "fat". Ya 2015, yenye namba inayoanza na CUH-12, ina vitufe vya kweli vya kubonyeza na kiwango chake cha juu ni wati 230. Ni mashine ngumu, hadidiski yake hubadilishwa kirahisi vilevile, na kwa kawaida bei inakuwa chini ya Slim. Wi-Fi yake inakamata 2.4GHz pekee, kwa hiyo kwenye nyumba za kupanga zenye ruta nane zilizorundikana utaona inasuasua. Tumia waya.

CUH-1000 na 1100 ni za 2013 na 2014, vitufe vyake ni vya kugusa. Zina kituko chake: mguu wa mpira chini ya kitufe cha kutoa CD unavimba au unasogea na kugusa sehemu ya ndani, mashine inaanza kutapika CD yenyewe na kulia mlio kila mara. Muuzaji atakwambia drevu ya CD imekufa na atakupunguzia bei. Ukimkuta huyo, nyamaza, lipa, nenda nyumbani ukashughulike na ule mpira. Lakini kwa ujumla wake hizi ni kongwe, na nyingi ndizo zinazopikwa.

3. PS4 Pro

Nzuri kama televisheni yako ni ya 4K. Kama sivyo, unalipia joto. Kiwango chake cha juu kinafika wati 310, na ya kwanza ikipewa gemu nzito inavuma mpaka jirani anauliza nani kawasha jenereta. Ukiitaka kweli, tafuta CUH-7200, ambayo imetulia. Utaijua hata kwa mbali kwa tundu lake la umeme: 7200 inatumia waya wa matundu mawili kama wa redio, 7000 na 7100 zinatumia waya mnene wa kompyuta. Pro iliyofanya kazi kwenye kibanda cha gemu iache, hata wakuongezee pedi tatu.

4. PS3 Super Slim

Kwa mtoto anayeanza au kwa mtu anayetaka kucheza gemu za zamani tu. Mfuniko wake unasukumwa kwa mkono, hakuna mota ya kumeza CD, kwa hiyo kuna kitu kimoja pungufu cha kuharibika. Ila mpenda mpira asijidanganye: FIFA 19 ndiyo ya mwisho iliyotoka kwa PS3, wakati PS4 imepata hata FC 26 (FC ndilo jina jipya la FIFA). PS3 ile nene ya mwanzo sitaki hata kuiongelea. Ikiwaka taa ya njano, imekwenda.

5. PS5 ya mtumba

Najua wengi watanibishia. Ni mashine bora kuliko zote hizi, lakini mimi napanga kwa ugonjwa. Hifadhi yake kuu imeunganishwa kwenye bodi, huichomoi ukabadili kama ya PS4. Kati ya prosesa na kipoozeo kuna metali ya majimaji badala ya grisi, na fundi asiyeizoea akiimwaga kwenye bodi amekuua. Drevu ya CD ya toleo la 2020 imefungwa na bodi yake, huwezi kuokota ya mashine nyingine ukapachika. Inunue kwa mtu unayemjua au yenye waranti ya maandishi.

Xbox 360 nimeiacha nje ya orodha. Duka lake la mtandaoni lilifungwa Julai 2024, na zile zilizotoka Marekani huja na adapta ya volti 100 hadi 127. Ichomeke kwenye umeme wetu wa 230 uone moshi.

Neno moja kuhusu zilizochipiwa, yaani zilizovunjwa ulinzi ili zicheze gemu zisizolipiwa. Wengi wanazitaka kwa sababu zinakuja na gemu zimejaa. Sawa, ila jua unachonunua: huruhusiwi kuisasisha programu, na ukiingia nayo mtandaoni unajitafutia kufungiwa. Nyingine zimeshafungiwa tayari. Kwa anayetaka kucheza mtandaoni, jaribu kuingia kwenye akaunti yako ukiwa palepale dukani kwa bando lako. (Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation, ndiyo maana akaunti zetu nyingi ni za Uingereza, Marekani au Afrika Kusini. Fungua kabla hujatoka nyumbani.)

Mbele ya kaunta

Nenda na CD yako, waya wako wa HDMI na muda wako. Mtu mwenye haraka ndiye anayeuziwa.

Kwanza kabisa, kabla haijachomekwa, weka kiganja juu yake. Iwe baridi. Ikiwa ina joto, sema utarudi baada ya saa mbili na isiguswe. Atakayekasirika kwa ombi hilo ameshakujibu.

Ikiwaka, usiridhike na menyu. Menyu haichoshi mashine. Weka gemu nzito, cheza dakika arobaini, weka sikio kwenye feni. Taa nyekundu na onyo la joto: ondoka. Wakati unacheza, tikisa kidogo, kidogo sana, waya wa HDMI kwenye tundu lake. Picha ikikatika, lile tundu linaning'inia. Weka CD, itoe, weka tena. Izime, chomoa waya wa umeme kwa dakika chache, iwashe uone tarehe. Ikirudi miaka ya nyuma, betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi imekufa. Betri yenyewe ni bei ya soda, ila tumia hilo kuomba punguzo.

Pedi zitazame peke yake. Feki ni nyingi kuliko halisi. Nyingi za feki hazina spika au haziitikii ukiziinamisha. Kwenye gemu ya mpira achia vijiti kabisa: mchezaji akitembea mwenyewe, kijiti kimechoka.

Halafu itazame mwili. Mashine ya kibanda cha gemu hufanya kazi asubuhi hadi usiku, siku saba, na ikistaafu inapakwa rangi, halafu mashine inaitwa "ya Dubai". Rangi hufunika ganda, haifuniki tundu la USB. Chungulia pale kwa tochi ya simu: likiwa limepanuka na kung'aa kama sarafu kuukuu, wamepita wengi.

Ikikufia mkononi

Usiifungue. Ukigusa skrubu moja tu, muuzaji ameshapata sababu. Chukua simu urekodi tangu unachomeka mpaka inakataa, tuma siku hiyohiyo, kwa maandishi, ili iwe na tarehe.

Omba kubadilishiwa au kurudishiwa hela. Wao watakutajia kutengenezewa, na mara ya kwanza unaweza kukubali kama tatizo ni hadidiski au feni. Kama ni taa ya bluu na wanataka "kuiangalia tu kidogo", kataa. Wanakwenda kuipika tena ili imalize siku zako za waranti.

Risiti nyingi zina maneno "mali ikishauzwa hairudishwi". Hayo maneno yasikutishe mapema. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina hiyo auze kitu chenye ubora wa kuuzika, na Kenya nayo ina sheria ya ukoo huohuo. Lakini ina makali mawili: kama uliikagua kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha huwezi kuilalamikia. Pedi iliyopasuka uliiona, imekula kwako. Prosesa iliyopikwa haionekani kwa macho ya mteja, hiyo ni yao. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na muuzaji aandike kwa mkono namba ya mashine, siku za waranti, na neno "imekarabatiwa" kama ndivyo alivyosema. Ukikwama kabisa, Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa ajili ya mlaji. Mara nyingi kuitaja tu kwa sauti ya upole dukani, wateja wengine wakisikia, kunatosha.

Mimi nilibadilishiwa siku ya nne, kwa Slim ya 2100, nikaongeza elfu sitini. Inafanya kazi hadi leo, hadidiski nimebadilisha mara moja. Ile ya kwanza ilikuwa na mkwaruzo mrefu juu ya kifuniko, kama herufi L. Wiki mbili baadaye nikapita pale kununua waya, nikaiona kwenye kabati la kioo, rafu ya katikati, imebandikwa karatasi: "Imekarabatiwa. Kama mpya."