Seti ya kujifunzia kulehemu, uzoefu wangu

Kwa anaetaka kuanza kulehemu vitu vya umeme na hajui aanze na nini, mimi nilichukua ile seti ya wanaoanza, pasi ya kulehemu ya wati 60 yenye nobu ya joto kwenye mpini (digrii 200 hadi 450), ncha tano, stendi na sponji, pampu ya kunyonya solda (ile waya laini inayoyeyushwa kuunganishia vifaa), solda yenyewe kidogo na bodi ya mazoezi, ile ya taa mbili zinazopokezana kuwaka.

Hiyo nobu ndo sababu nairekomendi. Pasi za kuchomeka tu kwenye umeme zinapanda joto zinavyotaka, ncha inaungua inakuwa nyeusi na solda inakataa kushika, af anaejifunza anadhani mikono yake ndo mibovu kumbe wala. Mimi naweka kwenye 350 kwa solda ya bati asilimia 60 na risasi 40. Najua mtu atauliza mbona 350 wakati hiyo solda inaanza kuyeyuka kwenye 183, ni kwamba ncha ikigusa tu pedi (kale kaduara ka shaba kwenye bodi), shaba inanyonya joto, kwa hiyo unahitaji akiba umalize sekunde mbili tatu utoke, ukiweka joto dogo utakaa hapo hapo unasubiri na ndo pedi zinavyobanduka.

Ncha inayokuja imefungwa ni ile nyembamba yenye kichongo. Itoe. Weka ile bapa kama bisibisi, inagusa mguu wa kifaa kama rezista na pedi kwa pamoja na joto linapita haraka zaidi, na kulehemu kote ni hapo yaani: unapasha mguu na pedi kwanza, af solda unaileta kutokea upande wa pili iyeyukie kwenye kazi, sio kwenye ncha. Ikishika vizuri inapanda kwenye mguu kama koni. Ikikaa duara juu juu haijashika hata kama inang'aa. Na wanaotumia solda isiyo na risasi (hiyo inataka kama 217 kuyeyuka) wasitegemee mng'ao kabisa, ikipoa huwa imefifia hata jointi ikiwa nzima.

Solda iliyomo kwenye seti sijaipenda hata kidogo, nene na fluksi yake kiduchu. Tafuta ya milimita 0.8 yenye fluksi ya utomvu wa msonobari ndani, ile fluksi ndo inaondoa uchafu wa oksidi kwenye shaba ili solda itambae, na utaona tofauti jointi ya kwanza tu. Moshi unaouona unatoka kwenye fluksi, sio risasi inayopaa, ila bado unakera mapafu hasa mwenye pumu, so fungua dirisha, usiinamie kazi, na nawa mikono kabla ya kula maana risasi inabaki vidoleni.

Sponji iloweshe kidogo tu, ikijaa maji inapoza ncha kila ukifuta, mimi sasa natumia stilwaya ya shaba na ncha inakaa safi. Kabla ya kuzima pasi paka solda mpya kwenye ncha uiache hapo. Na jamani msipige msasa ncha, ndani ni shaba na juu ina ngozi ya chuma, ukiikwangua hiyo ngozi solda inaanza kuila shaba na ncha ndo imekwisha.

Pampu inafanya kazi, spring yake ina nguvu. Utambi wa shaba wa kufyonzea solda haumo na ungefaa sana kuwemo. Kinachoniudhi ni waya wa umeme, ni wa plastiki ya kawaida, mgumu, unavuta stendi ambayo ni nyepesi, na ukigusana na ncha unayeyuka hapo hapo, upitishe nyuma ya stendi kila mara. Wangeweka waya wa silikoni ningewapa nyota tano, nawapa nne.