Zimwi la saa sita usiku: uzoefu wangu na A Monster Calls

Riwaya hii ya Patrick Ness nilianza kuisoma kwenye simu, nikajuta. Michoro ya Jim Kay ni ya wino mweusi, inatambaa kutoka ukurasa huu hadi wa pili, matawi yanaingia mpaka kwenye maandishi. Kwenye simu yangu ilikatika vipande vipande, mguu wa zimwi huku, kichwa kule. Nikaachana nayo. Miezi kadhaa baadaye nikakutana na nakala ya karatasi kwenye meza ya vitabu vya mtumba, shilingi 8,000 baada ya kuvutana bei, jalada limekunjika pembe lakini michoro yote ipo. Nunua ya namna hiyo.

Mwenye kisa ni Conor, kijana wa miaka 13 huko Uingereza. Mama yake anaumwa saratani, baba kahamia Marekani na ana mke mwingine, shuleni anaonewa. Usiku, saa ikisoma 12:07, linamjia zimwi. Mpwa wangu wa kidato cha pili, niliyekuwa nasoma naye, akadakia: "Kumi na mbili na dakika saba? Si kumeshakucha, mjomba?" Ikabidi nimkumbushe saa za Kizungu. Zimwi lenyewe ni mti wa yew, mti wa makaburini, umesimama karibu na kanisa nyuma ya nyumba yao. Huku kwetu haupo. Mpwa aliuona mbuyu, nikamwacha na mbuyu wake.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili halikuja kula mtu kabisa. Limekuja kusimulia hadithi tatu, halafu Conor naye asimulie ya nne, na hiyo iwe ule ukweli anaouficha.

Mimi nimekulia kwenye paukwa pakawa za bibi mzaa mama, ambako mama wa kambo ni mchawi na mwishowe kila mtu anavuna alichopanda. Ness anakutega hapo hapo. Hadithi ya pili ndiyo iliyotushika. Kuna mzee mtengeneza dawa, mchoyo, mdomo mchafu, anautaka ule mti wa yew ulio kwenye kiwanja cha mchungaji. Mchungaji anamnyima, tena anawageuza watu wamkimbie. Mabinti wawili wa mchungaji wanapougua, baba yao anarudi kwa mzee huyo huyo na kuahidi kumpa mti, hata kuiacha imani yake. Mzee anakataa, mabinti wanakufa. Zimwi linakwenda kubomoa nyumba, na nyumba ni ya mchungaji.

Mpwa aliyekuwa amejinyoosha mkekani akakaa wima. "Limekosea nyumba hilo!"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mnisamehe nikiharibu utamu kidogo: Conor anashiriki kubomoa, kwa raha kabisa, halafu anazinduka na kukuta alichokuwa anakivunja ni sebule ya bibi yake. Hadithi ya ndani imetoka nje na kuvunja vyombo vya watu. Sijaona mwandishi mwingine akilifanya hilo kwa wepesi namna hii.

Hadithi ya tatu, ya mtu asiyeonekana, ni fupi mno, imepita kabla hujaizoea. Baba naye kachorwa juu juu, anakuja na kuondoka kama mgeni wa harusi. Kwa hayo natoa nyota 4 kati ya 5. Kiingereza chake ni chepesi. Kamusi tuliifungua mara chache.

Wazo la kitabu hiki lilikuwa la Siobhan Dowd, mwandishi aliyefariki kwa saratani mwaka 2007 kabla hajaliandika. Ness akapewa alichoacha, kitabu kikatoka 2011, na mwaka uliofuata kikabeba tuzo mbili za Uingereza kwa mpigo: Carnegie kwa maandishi, Kate Greenaway kwa michoro.

Ukiwa unauguza, jiandae. Mama yangu aliugua muda mrefu, na nililala usiku mwingi hospitalini, sakafuni kando ya kitanda chake. Hadithi ya nne ilitamka jambo ambalo sijawahi kumwambia hata dada yangu. Niliisoma kwanza peke yangu, nikafunga kitabu, nikaenda uani kufua nguo ambazo hata chafu hazikuwa.

Mpwa sikumsomea sehemu hiyo. Nilimwachia kitabu aende nacho chumbani. Asubuhi akakirudisha, akauliza kama bibi yake naye alikuwa akisimuliwa hadithi kule wodini.

Nikamwambia nilikuwa namsomea magazeti.